Kumi Elfu na Moja

Watu wengi wakiiona namba 10,001 wanaiona ya ovyo. Moja huku, moja kule, na katikati sifuri tatu zimekaa bure. Mimi nikiiona nanyoosha mgongo. Niliwahi kuiweka mezani mbele ya mtu mwenye bastola, na haikuniangusha. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitajisifu pale ninapostahili, maana mwaka ule wa sabini na tano hakuna aliyejitolea kunisifu.

Jina langu Zubaida. Mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, na nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule moja ya wasichana mjini Kampala. Shahada yangu niliipata Makerere, kwa kichwa changu mwenyewe. Lakini wakati ule Wanubi wengi walikuwa na vyeo jeshini, basi kila Mnubi aliyekaa kwenye kiti kizuri alisemwa kuwa kakalishwa na ndugu zake. Nilipoingia chumba cha walimu, mazungumzo yaligeuka ghafla yakawa ya mvua. Iliniuma sana. Nilitamani siku moja mtu anijie kwa sababu ya kichwa changu, si kwa sababu ya kabila langu.

Kule Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, alikuwepo fundi cherehani aliyeitwa Ambroise, mkimbizi kutoka Bukavu. Sare za shule yetu zilikuwa kazi yake. Sasa, Kampala ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anakuwekea moja juu. Ukipimiwa maharage, anakumwagia konzi ya ziada. Hiyo ni nyongeza, na muuzaji asiyeitoa anaonekana hana adabu. Ambroise alikuja mgeni, akaipenda desturi hiyo kuliko wenyeji. Ukimpelekea vifungo sita, gauni lilirudi na vifungo saba, cha saba kimeshonwa kwa ndani, cha akiba. Nilizoea kumtania kwamba siku moja atashona mkono wa tatu.

Mwaka huo serikali iliandaa sherehe kubwa ya wageni kutoka nchi za nje. Watoto wa shule kumi elfu walitakiwa wasimame uwanjani, kila mmoja na kitambaa cha njano, wavinyanyue vyote kwa pamoja wageni watakapoingia. Kazi ya vitambaa alipewa Ambroise na mafundi wenzake. Walishona mpaka macho yakawa mekundu. Alipomaliza, alivifunga mia mia, na juu ya fungu la mwisho akaweka kimoja peke yake. Hakuna aliyemwagiza. Serikali ilikuwa mteja, na mteja hupewa nyongeza.

Msimamizi wa maandamano alikuwa Meja Fadhul. Askari wake walihesabu vitambaa, wakapata kumi elfu na kimoja, naye akafurahi mno. Vitu vya maofisa wengine vilikuwa vinafika pungufu, vyake vimezidi. Akapeleka taarifa juu kwa mbwembwe, na jioni ile redio ikatangaza kwamba watoto kumi elfu na mmoja wataipamba sherehe. Enzi zile namba iliyokwisha kusemwa redioni hairudi nyuma. Kitambaa cha serikali hakiwezi kukosa mtoto, kwa hiyo shule yetu ikaamriwa kutoa mmoja zaidi. Nikampeleka Mbambu wa kidato cha pili, msichana mtaratibu kutoka milima ya mpakani.

Siku ya mazoezi wakapangwa mistari mia moja, kila mstari watoto mia moja. Mraba ukajaa vizuri. Mbambu akabaki nje, peke yake mbele ya ule umati, kitambaa kifuani. Mkubwa mmoja aliyekuja kukagua akanyoosha fimbo yake akauliza, "Ule moja pale naongoza hawa ingine?"

Swali hilo lilikuwa la hatari. Mbele ya watu kumi elfu husimama mtawala peke yake, na mwingine akisimama pale anaonekana anataka kiti chake. Mkubwa akaondoka akiacha amri: siku ya mazoezi ya mwisho anataka kuona sanduku moja lililonyooka pande zote, watoto wote ndani, asiwepo wa nje wala nafasi tupu. Namba ni ileile ya redioni. Ikishindikana, basi aliyeleta huyo mmoja amefanya hujuma.

Meja Fadhul hakuwa mtu wa kungoja lawama imfikie. Kesho yake asubuhi gari lilisimama Kikuubo.

Monique, mke wa Ambroise, alinifuata shuleni wakati wa chakula cha mchana. Alikuja na kanga moja kichwani na viatu visivyofanana. Tulikuwa wengi katika chumba cha walimu, Ogwal akiwemo, mwalimu mwenzangu wa hesabu.

"Madamu, balimubeba," alisema. "Balikuja na gari, bakamuuliza kile kitambaa ya juu ni ya nini. Akasema ni nyongeza. Bakasema ni hujuma. Bakamupiga, bakamuingiza nyuma ya gari."

"Wamempeleka wapi?"

"Kwenye kambi. Madamu, ule Meja ni ndugu yako. Mwende mumuambie. Ni damu yenu, atasikia."

Macho yote yalinigeukia, nikajua kila mtu anawaza alilolisema Monique. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mwanamke ana mume kambini, na mimi nakasirika kwa sababu ameniita ndugu wa Meja. Lakini ndivyo nilivyo, siwezi kujipaka rangi nyingine. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia asubiri pale.

"Sitaenda kumwomba," nilisema. "Nitaenda na jibu."

Nikaingia darasa lililokuwa tupu, nikachukua chaki. Ogwal akanifuata. Yeye alitoka Lira, na watu wa kwao wengi walikuwa wamepotezwa na jeshi. Kunyamaza mbele ya Mnubi kulikuwa kwake njia ya kuishi, na sikuwahi kumlaumu. Siku hiyo alifunga mlango nyuma yake, akaitazama namba niliyoiandika ubaoni.

"Ingekuwa elfu tisa mia tisa tisini na tisa, ningekupa jibu sasa hivi," alisema. "Tisini na tisa mara mia moja na moja. Mraba ukipungua moja, aljebra inaufungua. Ukizidi moja, hakuna kanuni."

"Kanuni ya herufi hakuna. Hii ni namba, mwalimu. Tuiulize yenyewe."

Nitalieleza hili polepole, kwa sababu ndilo ninalojivunia. Kupanga watoto kwenye sanduku lisilo na pengo ni kutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa idadi yao. Kama 10,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, basi hakuna sanduku duniani litakaloitosha. Utapanga, utapangua, mtoto mmoja au zaidi watabaki nje. Meja angeweza kuleta vifaru, isingegawanyika. Na Ambroise asingerudi.

Mtu mwingine angeanza kujaribu tatu, saba, kumi na moja, akaendelea hivyo hadi mia. Mimi sikuwa na haja. Namba ile ni kumi mara kumi mara kumi mara kumi, halafu moja juu, na Makerere nilijifunza tabia ya namba za umbo hilo. Hazikubali kugawanywa na kila anayebisha hodi. Namba tasa ikitaka kuigawa, ni lazima yenyewe, ukiigawa kwa nane, ibakize moja. Nyingine zote zinarudishwa mlangoni. Tena sikuhitaji kuvuka mia, kwa sababu ukizidisha namba mbili zilizo juu ya mia, umeshaipita kumi elfu na moja. Nikaandika zilizoruhusiwa: 17, 41, 73, 89, 97. Basi, hizo tu.

"Tano?" Ogwal aliuliza.

"Tano. Zikikataa zote, hakuna kitu."

Kumi na saba ikabakiza tano. Arobaini na moja ikabakiza thelathini na nane. Zikabaki tatu. Niliogopa, na nilichokiogopa ni namba, siyo Meja. Meja ungeweza kumbembeleza.

Nikaweka sabini na tatu. Kwenye mia inaingia mara moja, inabaki ishirini na saba. Nikashusha sifuri: mia mbili sabini, inaingia mara tatu, inabaki hamsini na moja. Ikabaki tarakimu ya mwisho, ile moja ya kuliani kabisa. Kama pale pangekuwa na sifuri, yaani kama watoto wangekuwa kumi elfu kamili, ningepata mia tano na kumi, na sabini na tatu ingekataa. Nikaishusha ile moja. Mia tano kumi na moja. Sabini na tatu mara saba ni mia tano kumi na moja.

Haikubaki kitu. Mistari sabini na mitatu, kila mstari watoto mia moja thelathini na saba. Kitambaa cha Ambroise, kile walichokiita hujuma, ndicho kilichoifunga hesabu.

Ogwal alichukua chaki akazidisha upya kutoka chini, akapata 10,001. Akazidisha tena kwa kugeuza. Halafu akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kazi pale.

"Zubaida," alisema, "hii usimruhusu mtu aseme umepewa."

Ofisi ya Meja ilikuwa Nakasero, juu ya ngazi ndefu. Alinipokea kwa furaha nyingi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na bastola yake ilikaa mezani karibu na bakuli la sukari. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, nikakumbuka kwamba nyumbani tulikuwa tunakunywa chai bila sukari miezi kadhaa.

"Zubaida, binti ya Sajini Abubaker. Kaa. Kunywa chai. Mimi najua wewe nakuja kwa maneno ya ule fundi ya Kongo. Sikia. Wewe ni damu yangu. Ukisema ule mutu ni mutu yako, leo mimi naachilia. Lakini mutoto moja bado nabaki inje, na mimi lazima napeleka mutu ingine juu ajibu. Wewe nachagua jina."

Alilisema hilo huku akinitilia sukari. Nikaelewa jinsi undugu wake unavyofanya kazi: unamtoa mmoja, unamwingiza mwingine, na mimi ndiye wa kulitaja jina.

"Sikuja kuomba kwa damu, Afande," nilisema. "Nimekuja kukuambia hakuna kosa. Namba yako ni nzuri. Unayo kalamu?"

Akacheka. Akatoa kalamu.

"Andika mwaka huu. Elfu moja mia tisa sabini na tano. Sasa uzidishe kwa ile namba yako ya watoto."

Alizidisha taratibu, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, kama wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Alipofika mwisho akakaza macho. Karatasini palikuwa na 19751975.

"Imesema mara mbili," alisema.

"Mwaka wowote utausema mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu nne."

Alinitazama kwa hila, akafunika karatasi kwa mkono, akaandika, nadhani, namba yake ya jeshi, ile aliyopewa alipokuwa kuruta. Akazidisha. Nilimwona anaanza kutabasamu kabla hajamaliza. Ilikuwa imejirudia, bila kupungua wala kuongezeka. Sikumpenda mtu yule, na simpendi hadi leo, lakini tabasamu lile nililijua. Nimeliona darasani mara nyingi, na ndilo lililonifanya niwe mwalimu.

"Namba hiyo si kumi elfu iliyoharibika, Afande. Ni namba yenye mpango wake. Mistari mia moja haiitaki. Panga mistari sabini na mitatu, kila mmoja watoto mia moja thelathini na saba. Hakuna atakayebaki nje."

Tabasamu likamtoka. "Sabini na tatu? Nani napanga watu sabini na tatu? Jeshi napanga kumi, napanga mia."

"Ndiyo maana mmoja alibaki."

Nilijutia mdomo wangu papo hapo. Akalizungusha bakuli la sukari kwa kidole.

"Kesho mazoezi ya mwisho," alisema. "Mimi napanga hiyo yako. Na kama moja nabaki?"

"Nikamate mimi. Jina la kupeleka juu utakuwa nalo." Nikakisogeza kikombe cha chai pembeni. "Na ikitimia, fundi anarudi kwake, wala hachukuliwi mwingine badala yake."

"Wewe nakubali kufa kwa hesabu?"

"Hesabu nimeshaihakiki, Afande."

Kesho yake upangaji ulichukua asubuhi yote. Askari walipiga kelele, walimu tulikimbia huku na huko, watoto wengine walizirai kwa jua wakamwagiwa maji wakarudishwa. Mstari wa kwanza wa watoto mia moja thelathini na saba ulionekana mrefu kupita kiasi, na askari mmoja akasema wazi kwamba mwalimu ana wazimu. Sikumjibu. Sikuhesabu pia. Nilikaa kwenye nyasi nikageuza uso upande mwingine, maana kazi yangu ilikuwa imekwisha ubaoni. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba sikuthubutu kutazama.

Nilisikia Ogwal ananiita. Nikageuka. Mstari wa mwisho ulikuwa umefika karibu na ukingo, watoto wanaingia mmojammoja, kisha watatu wakawa wamebaki nje, kisha wawili. Kisha Mbambu, ambaye askari walikuwa wamemweka wa mwisho makusudi. Alisimama na kitambaa chake kama siku ile, akiangalia sanduku la wenzake, hajui aende wapi. Pembeni kabisa, kwenye kona, palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja.

Akatembea akaingia, akasimama. Sanduku likafungika.

Filimbi ikalia, vitambaa vyote vikanyanyuka, na uwanja mzima ukawa njano kutoka kona hadi kona, bila tundu. Nililia pale pale kwenye nyasi, mbele ya askari na walimu, na sikuona haya hata kidogo. Nimewahi kuiona 10,001 kwenye ubao na kwenye karatasi. Siku hiyo niliiona ikiwa hai, ina miguu, inacheka japo imechoka na inataka kwenda nyumbani.

Yule mkubwa mwenye fimbo alitazama kwa muda mrefu, akampa Meja mkono. Meja akaniita karibu, akaniweka mkono begani. "Huyu dada yangu," akamwambia mkubwa. "Damu ya Nubi."

Hapo ningeweza kunyamaza, na mtu mwenye busara angenyamaza. "Dada zake wako wengi, mzee," nilisema. "Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Mkubwa alicheka, na kwa kuwa alicheka yeye, Meja naye akacheka. Ogwal alikuwa nyuma yangu, akasikia, na Jumatatu chumba kizima cha walimu kilikuwa kimesikia. Tangu siku hiyo nikiingia, mazungumzo hayakugeuka tena kuwa ya mvua. Waliniletea maswali.

Ambroise aliachiwa jioni ile ile. Gari lilimshusha njia panda, akatembea mwenyewe mpaka Kikuubo, akichechemea, jicho moja limevimba. Hakuchukuliwa mtu mwingine.

Nilikwenda kumwona baada ya sherehe kupita. Alikuwa amerudi kwenye cherehani, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Nilijifanya nataka mita mbili za kitambaa cha pamba, ili nisionekane nimekuja kupokea shukrani. Nikamsimulia jinsi Mbambu alivyoingia wa mwisho, sanduku likafungika. Hakunishukuru kwa maneno. Alinyoosha kitambaa mezani, akapima mita ya kwanza, akapima ya pili, akaweka mkasi.

Mkono wake ukasimama. Nilijua anawaza nini. Nje, barabarani, lilipita gari la jeshi, na Monique aliyekuwa amekaa mlangoni akaacha kumenya ndizi. Ambroise alingoja mpaka mlio wake ukapotea. Kisha akausogeza mkasi shubiri moja mbele ya mita ya pili, akakata.

"Fundi," nilisema, "bado tu?"

"Madamu, nipunguze nini sasa?" alijibu bila kuinua uso. "Ni mwenyewe mulisema. Ile moja iliingia."

Akakikunja kitambaa, akanipa. Nimejisifu sana katika habari hii, na sijutii. Lakini pale Kikuubo, nikiwa nimeshika ile shubiri ya ziada, nilijivunia mtu mwingine kuliko nilivyowahi kujivunia nafsi yangu.